Divai ya Ulaya na chakula cha nyumbani: tuanzie kwenye mchuzi



Majuma haya maswali yanayofika kwenye shirika letu yanafanana. Mmoja anaozesha binti, mwingine anapokea wakwe, wa tatu anabatizisha mtoto. Wote wanauliza: "Tukinunua divai, tununue ipi?" Kisha swali lingine linafuata kwa sauti ya chini: "Je, divai ya Wazungu inaweza kukaa meza moja na sombe na bugali, ama itatuaibisha?"

Si swali dogo. Chupa moja ya Bordeaux inaweza kula faida ya siku nyingi za mama anayeuza ndagala sokoni. Inafunguliwa mbele ya wageni, inanywewa na samaki wa mawese na pilipili, wageni wanakunja uso, na wengine wanaongeza soda ndani ya gilasi ili ipite kooni. Pesa imepotea. Halafu kuna anayesema kwamba kosa ni la chakula, kwamba divai inataka chakula cha hoteli.

Sisi tunakataa neno hilo. Chakula chetu hakina kosa. Kilichokosewa ni kuchagua chupa kwa bei yake au kwa jina lake, bila kuuliza kwanza ndani ya sufuria kuna nini. Leo tunataka kusema jambo moja: anza na mchuzi, kisha tafuta divai.

Divai ilizaliwa nyumbani

Tusisahau kwamba hata huko Ulaya divai ni kinywaji cha wakulima. Watu walikunywa kilichokua karibu na nyumba yao, pamoja na walichopika. Karibu na mji wa Nantes, si mbali na mahali mto Loire unapoingia baharini, wanalima zabibu za divai nyeupe iitwayo Muscadet, na wanakula vitu vya baharini. Divai yao ni nyepesi na ina uchachu unaosafisha kinywa baada ya samaki. Huko Toscana, Italia, wanapika kwa nyanya na mafuta ya zeituni, na divai yao nyekundu, Chianti, inatoka kwa zabibu za Sangiovese zenye uchachu wa kutosha kusimama mbele ya nyanya. Kaskazini-magharibi ya Ureno wana Vinho Verde, na mezani kwao wanapenda samaki wa chumvi, ndugu wa makayabo yetu.

Hakuna aliyewafundisha hotelini. Walionja, wakaona kinachokubaliana, wakaendelea hivyo miaka na miaka. Na sisi tunaweza kuonja.

Vitu vinne mdomoni

Usihangaike na maneno makubwa ya wajuzi. Divai yoyote inaonyesha vitu vinne mdomoni, na vyote unavijua tayari kutoka jikoni.

Cha kwanza ni uchachu, kama wa ndimu au maracuja. Uchachu unaita mate na unakata mafuta. Ndiyo maana tunakamua ndimu juu ya samaki wa kukaanga.

Cha pili ni ukakasi. Ni ile hali ya ulimi kukauka ukiuma ndizi mbichi au ukinywa chai nzito isiyo na maziwa. Ukakasi wa divai unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na wataalamu wanauita tanini. Divai nyekundu inao kwa sababu maji ya zabibu yanachachuka pamoja na maganda yake. Nyeupe kwa kawaida inakamuliwa na maganda yanatolewa mapema, kwa hiyo ina ukakasi kidogo sana. Roze inakaa na maganda kwa muda mfupi tu, ndiyo maana rangi yake ni ya waridi.

Cha tatu ni utamu, yaani sukari ya zabibu iliyobaki bila kugeuka pombe.

Cha nne ni nguvu ya pombe, ule moto unaousikia kooni. Divai nyepesi kabisa za bonde la Mosel, Ujerumani, zinaweza kuwa na asilimia 8 au 9. Nyekundu nyingi za nchi za jua zinafika asilimia 13 au 14. Namba hiyo iko kwenye kibandiko, isome kabla ya kulipa.

Sasa sikilizeni jinsi hivi vinne vinavyoishi na chakula. Mafuta na nyama vinalainisha ukakasi. Chumvi inaulainisha pia. Chakula kichungu kinauongeza. Pilipili inaamsha moto wa pombe, na pombe inaamsha moto wa pilipili. Utamu kidogo unatuliza pilipili. Chakula chenye uchachu, kama mchuzi wa nyanya au wa ndimu, kinataka divai yenye uchachu sawa au zaidi, la sivyo divai inaonekana maji matupu. Ukishika haya, umeshika karibu yote.

Namna tulivyoonja

Hatuhitaji pesa nyingi kujifunza. Chupa ya sentilita 75 inatoa vionjo 15 vya sentilita 5. Wamama wanane wakichanga kama tunavyofanya kwenye likelemba wanaweza kufungua chupa tatu tofauti na kila mmoja aonje zote, bila yeyote kubeba mzigo peke yake na bila yeyote kulewa.

Ndivyo tulivyofanya. Kila mmoja alileta chakula alichopika kwa ajili ya nyumba yake siku hiyo, si chakula cha maonyesho. Tulifunika chupa kwa kitambaa ili jina na bei visituhukumie. Kila divai tuliionja mara mbili: kwanza peke yake, kisha baada ya kumeza tonge. Onjo la pili ndilo lenye jibu. Divai iliyosifiwa sana peke yake ilikuwa nyekundu nzito, na hiyohiyo ndiyo iliyokataliwa zaidi chakula kilipoingia. Nyeupe nyepesi ambayo wengi walisema "hii ni kama ndimu tu" ndiyo iliyomalizika kwanza mezani.

Tunawaletea hapa sahani kwa sahani.

Sambaza wa kukaanga. Samaki hawa wadogo, waliotolewa Ziwa Tanganyika na kuletwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, leo ni mkate wa nyumba nyingi za Bukavu na Goma. Wana mafuta ya kukaangia, chumvi, na harufu yao wenyewe. Wanataka uchachu: Muscadet au Vinho Verde, iliyo baridi. Usiwape divai nyekundu nzito. Tulipojaribu, ladha ya chuma ilibaki mdomoni, kama mtu aliyelamba msumari. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walieleza sababu: divai nyekundu nyingi zina chuma kidogo ndani yake, na chuma hicho kinaamsha ladha mbaya ya vyakula vya baharini.

Sombe ya mawese. Majani ya muhogo yaliyotwangwa yana uchungu mdogo unaotupendeza, na mawese yanaleta uzito. Divai yenye ukakasi inaongeza uchungu juu ya uchungu. Nyeupe isiyo na utamu inayotoka kwa zabibu za Sauvignon, yenye harufu ya majani mabichi, inaelewana nayo vizuri. Ikiwa sombe imetiwa karanga au ndagala, roze isiyo na utamu inafaa pia. Lengalenga na matembele zifuate njia hiyohiyo.

Makayabo. Hata ukiyaloweka usiku mzima, chumvi inabaki. Chumvi na uchachu ni marafiki, kwa hiyo rudi kwa Vinho Verde. Ikiwa umeyapika kwa nyanya nyingi na vitunguu, roze inabeba vizuri.

Maharagi ya mawese. Hapa nyekundu inakaribishwa, lakini iwe nyepesi. Beaujolais, inayolimwa kaskazini ya mji wa Lyon kwa zabibu za Gamay, ina ukakasi mdogo na ladha ya matunda. Inakaa na maharagi bila kuyakandamiza. Iweke ipoe kidogo.

Mbuzi wa kuchoma kwenye mbabula. Hii ndiyo nafasi ya nyekundu yenye mwili. Mafuta ya mbuzi yanalainisha ukakasi, na divai inakata mafuta. Côtes du Rhône ya kusini mwa Ufaransa, inayochanganya zabibu za Grenache na nyingine kama Syrah, inafaa. Rioja ya Uhispania inafaa pia, hasa iliyoandikwa Crianza: kwa divai nyekundu neno hilo linamaanisha imekomaa angalau miaka miwili, na angalau mmoja kati ya hiyo ndani ya pipa la mti. Bordeaux nayo mahali pake ni hapa, mbele ya nyama, siyo mbele ya samaki. Lakini pilipili iwe pembeni, kila mtu ajipimie. Ukipaka pilipili nyama yote, divai ya asilimia 14 itawaka.

Kuku wa karanga, au chakula chochote chenye pilipili nyingi. Tafuta Riesling ya Ujerumani yenye utamu kidogo na pombe ndogo. Kwenye chupa za Mosel neno Kabinett mara nyingi ni dalili nzuri ya divai nyepesi, ila kama limeandikwa pamoja na neno trocken, ujue haina utamu. Kwenye jioni yetu hii ndiyo iliyowashangaza waliokuwa wamesema divai tamu ni ya watoto wa mjini. Utamu ulituliza pilipili, na uchachu ulikata mafuta ya karanga. Nyama ya nguruwe nayo inaipenda divai hii.

Na bugali? Bugali haichagui. Haina mafuta, haina uchungu, inapokea kila kitu. Ndiyo maana tunasema mchuzi ndio unaoamua.

Kusoma chupa kabla ya kulipa

Dukani, chupa nzuri kwa macho ni nyingi. Wamama, tusinunue picha ya ngome iliyochorwa. Tusome.

Tafuta kwanza neno lenyewe. Kwa sheria za Ulaya, kinachoitwa "vin" lazima kitokane na zabibu mbichi zilizochachuka. Kikiandikwa "boisson aromatisée à base de vin", hicho ni kinywaji kilichochanganywa na vionjo. Si dhambi kukinunua, lakini usikilipie bei ya divai.

Halafu soma utamu wake, kama umeandikwa. "Sec" maana yake haina utamu. "Demi-sec" ina utamu kiasi. "Moelleux" na "doux" ni tamu. Wengi wamenunua "sec" wakitegemea kinywaji kitamu cha harusi, wakaona aibu bure. Kama wageni wako wanapenda utamu, wanunulie demi-sec kwa moyo mweupe. Hakuna sheria inayowakataza.

Angalia jina la mahali. Ufaransa inaandika "Appellation d'Origine Contrôlée" au "Protégée", Italia DOC au DOCG, Uhispania na Ureno nazo zina alama zao. Alama hizi zinasema divai inatoka wapi na imefuata kanuni za mahali hapo. Hazisemi kwamba utaipenda. Kama jina la zabibu limeandikwa, kanuni ya Ulaya inataka angalau asilimia 85 ya divai iwe ya zabibu hiyo.

Mwisho angalia chupa yenyewe. Kizibo kisiwe kimetokeza wala kulowana, kofia yake isiwe imechanika na kugundishwa tena. Jina la aliyejaza chupa, ujazo, asilimia ya pombe na namba ya fungu viwepo na visomeke. Chupa iliyosimama miezi kwenye dirisha la duka, juani, iache hapohapo hata kama bei imepunguzwa, kwa sababu joto na mwanga vinaua divai. Nyeupe nyepesi na roze nunua za miaka ya karibuni, kwa kuwa nyingi hazikutengenezwa ili zizeeke.

Kuhusu pesa, ushauri wetu ni huu: panga bei kabla ya kuingia dukani, na usiipite. Bei kubwa mara nyingi inalipia jina la mahali, pipa jipya na miaka ya kungoja. Vitu hivyo havisaidii sambaza. Divai rahisi iliyochaguliwa kwa mchuzi wako inashinda ya gharama iliyochaguliwa kwa jina. Na kwa sherehe ya watu wengi, divai ya kartoni yenye mfuko ndani si aibu. Mfuko hauingizi hewa upesi, kwa hiyo inayobaki inakaa majuma kadhaa.

Bila frigo, bila umeme

Nyeupe na roze zinapendeza kwa baridi, kama digri 8 hadi 10. Nyekundu inataka digri 16 hadi 18. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500, na usiku wetu una ubaridi, kwa hiyo nyekundu inaweza kukaa chumbani tu. Dada zetu wa Uvira na Kalemie, kwenu joto la chumba linafanya nyekundu iwe nzito na ya kuunguza. Iwekeni kwenye bakuli la maji baridi dakika 20. Umeme ukikatika, viringisha chupa kwa kitambaa kilicholowa na uiweke penye upepo. Maji yanapokauka kwenye kitambaa, yanaondoka na joto.

Chupa iliyofunguliwa izibwe vizuri na iwekwe mahali pa baridi. Itadumu siku tatu hivi. Ikianza kuchacha kabisa, itie kwenye mchuzi wa ng'ombe wa kuchemka muda mrefu, ukijua kwamba pombe haitoki yote motoni.

Kipimo, na wale wasiokunywa

Hatuwezi kuandika juu ya divai katika gazeti la familia bila kusema hili wazi. Chupa ya sentilita 75 yenye asilimia 12 ina karibu gramu 71 za pombe safi. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 28. Yaani anayemaliza chupa ya divai peke yake amekunywa kama aliyemaliza bia kubwa mbili na nusu. Wengi wanaichukua divai kuwa kinywaji cha heshima kisicholewesha. Inalewesha, na nyumba ngapi zimelia kwa sababu ya kinywaji, sisi wamama tunajua.

Mwezi wa kwanza wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya. Mama mwenye mimba asinywe hata kidogo, kwa sababu pombe inamfikia mtoto tumboni. Watoto wasionjeshwe. Anayetumia dawa za kifua kikuu aache, ini lake lina kazi nyingi tayari. Mwenye pumu aangalie maneno "contient des sulfites" kwenye kibandiko, maana wengine kifua kinabana. Anayeendesha gari au pikipiki angoje siku nyingine.

Kwa anayekunywa, gilasi moja ndogo pamoja na chakula inatosha kuonja yote tuliyoeleza hapa. Maji yawe mezani daima. Na mama mwenye nyumba ndiye amimine: anajua alichopika, anajua nani amekwisha kupata.

Katika shirika letu tuna dada wengi ambao kwa imani au kwa hiari hawagusi pombe. Meza iwe yao pia, si kwa soda ya kuwanyamazisha. Kanuni ya mchuzi inawafaa vilevile: maracuja isiyotiwa sukari nyingi inakata mafuta ya sambaza kama Muscadet inavyofanya. Chai nzito iliyopozwa, isiyo na maziwa, ina ukakasi wake, na inakaa vizuri na mbuzi. Tangawizi tuiache mbali na pilipili, moto mmoja unatosha.

Kazi ya juma hili

Mama mpenzi, kama una sherehe karibu, usianze dukani. Andika kwanza vyakula utakavyopika. Mbele ya kila kimoja andika neno moja: mafuta, chumvi, uchungu, pilipili, au nyanya. Neno litakalorudi mara nyingi ndilo linalochagua chupa yako. Mafuta na chumvi: nyeupe yenye uchachu. Pilipili: yenye utamu kidogo na pombe ndogo. Nyama ya makala: nyekundu. Uchungu wa majani: nyeupe au roze, kamwe si nyekundu nzito. Ukishindwa kuamua kwa sababu vyote vipo, chukua roze isiyo na utamu, ndiyo inayokosana na wachache.

Nunua chupa moja tu kwanza, ionje jikoni pamoja na tonge la chakula hichohicho, wawili au watatu. Ikikubali, ndipo ununue zilizobaki. Na tuleteeni habari kwenye mkutano: ulipika nini, ulifungua nini, wakwe walisema nini. Tutayaandika kwa faida ya wengine.